Kwa Nini Vijana Huazima Misimu ya Watu Wengine? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha lugha kwa vijana wa sekondari kwa miaka mingi, na maswali haya yananifikia kutoka kila upande: kwa wazazi wenye hofu, kwa walimu wenzangu, na kwa vijana wenyewe wanaotaka kujua kama wanakosea. Nimekusanya yale yanayorudi mara nyingi zaidi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito.

Misimu ni nini, na "ya watu wengine" maana yake nini?

Misimu ni maneno na semi zinazozuka ndani ya kundi fulani la watu, zikatumika kwa muda, kisha nyingi zikafa na chache zikaingia katika lugha ya wote. Jina lenyewe linatueleza: neno lina msimu wake.

Hapa hatuzungumzii maneno kama "televisheni", ambayo yalikuja pamoja na kitu chenyewe. Kijana anayejua kusema "kweli kabisa" na bado akasema "no cap" hakupungukiwa na msamiati. Neno alikuwa nalo. Akaliacha, akachukua la watu asiowajua, ambao pengine hatawaona maishani. Kwa nini?

Basi anatafuta nini?

Anamtafuta mtu. Nyuma ya neno la misimu, akilini mwa kijana, yupo anayelisema: mwanamuziki, mchezaji wa mpira, msichana wa kwenye video fupi anayeongea kama hana hofu na yeyote. Kijana akilitamka neno hilo, anajaribu ule ujasiri kama mtu anavyojaribu koti mbele ya kioo. Wanaisimu Robert Le Page na Andrée Tabouret-Keller walilieleza hili vizuri mwaka 1985: kila tunapofungua kinywa tunajisogeza kuelekea kundi tunalotamani kufanana nalo, na mbali na lile tusilolitaka.

Nilishuhudia hilo kwa karibu siku moja. Mvulana wa miaka 15, mpole, wa kukaa pembeni, alikuwa na wenzake kwenye ngazi. Mmoja akasema amefeli jaribio. Yule mpole akasema "bruh", yaani "kaka", kwa sauti ya chini, akiivuta irabu kama alivyoisikia mahali. Kisha akainama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Alikuwa anasubiri. Hakuna aliyecheka. Mwenzake akamjibu, "Bruh", kwa uchovu uleule, na maongezi yakaendelea. Wiki iliyofuata nilimsikia akilisema tena, safari hii akiwa ameinua uso.

Neno lile lina historia yake katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi, na yule mvulana hakuijua hata kidogo. Alichokuwa anakiomba ni nafasi kwenye ngazi. Ndiyo maana ninaposikia mtu akisema vijana "wanaiga tu", nahisi ameona nusu ya jambo. Mara nyingi neno la mbali linatumika kumkaribia mtu aliye hapohapo karibu.

Kwa nini vijana zaidi kuliko watu wazima?

Kwa sababu mtu mzima amekwisha kutulia kuhusu yeye ni nani, au angalau kazi, ndoa na majukumu vimemtuliza. Wanaoichunguza lugha wameona mara nyingi kwamba mabadiliko mapya hupamba moto katika ujana, hasa kuelekea miaka 17, kisha kasi hupungua. Huo ndio umri ambao rafiki anakuwa na uzito kuliko mzazi, na rafiki hujulikana kwa namna anavyoongea.

Mbona hawaazimi kwa wakubwa na wenye mamlaka? Kwa nini ni maneno ya mitaa ya watu wanaodharauliwa?

Swali hili nalipenda, maana linagusa kiini.

Kuna heshima ya aina mbili katika lugha. Iko ile ya wazi: lugha ya ofisini, ya taarifa ya habari, ya vyeti. Na iko ya chinichini, ambayo haitajwi lakini kila mtu anaihisi: lugha ya watu wagumu, wachangamfu, wasionyenyekea. Mwanaisimu Peter Trudgill alilionyesha hili mwaka 1972 katika mji wa Norwich, Uingereza. Aliwauliza watu wanatamkaje maneno fulani, kisha akalinganisha na jinsi walivyotamka kwenye kanda alizorekodi. Wanaume wengi walidai kuongea "vibaya" kuliko walivyoongea kweli. Walitaka kuhesabiwa miongoni mwa watu wa mtaani kuliko miongoni mwa wasomi. Kama watu wazima wenye familia wako hivyo, kijana atakosaje kuwa hivyo?

Tena, watu waliosukumwa pembeni wana sababu nyingi za kuunda maneno. Wanahitaji lugha ambayo bosi na polisi hawaielewi. Wanahitaji kuchekana, kuonyana na kutambuana haraka. Matokeo yake ni maneno makali, mafupi, yenye ladha. Mwaka 1938 mwanamuziki Cab Calloway alichapisha kamusi ndogo ya lugha ya wanamuziki wa jazi wa Harlem, mtaa wa Weusi huko New York, kwa sababu watu wa nje walikuwa wanaitamani. Maneno ambayo leo vijana wa kila taifa huyaandika kwenye simu, kama "slay" (kung'ara), "shade" (kijembe) na "tea" (umbea), yalikuzwa katika kumbi za mashindano ya mitindo na densi za New York, na Weusi na Walatino wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, watu ambao wengi wao walifukuzwa hata na familia zao. Huko Uholanzi, lugha ya vijana wa mijini imechota Kisranan cha Suriname. London imechota Kijamaika. Ufaransa imechota Kiarabu cha Afrika Kaskazini, hata kitenzi "kiffer", kupenda kitu, kimekuwa cha kila mtu.

Kwa hiyo mwelekeo ni uleule karibu kila mahali: neno linapanda kutoka kwa wasio na nguvu kwenda kwa wenye nguvu. Linapofika juu, mara nyingi walioliunda wanasahaulika. Nitalirudia hili chini.

Si makosa ya intaneti haya yote?

Hapana. Intaneti imeongeza kasi, lakini tabia ni ya kale. Waingereza wanaosema "pal" kwa rafiki wanatumia neno la Waroma (si Warumi wa kale, bali jamii ya wachache iliyotawanyika Ulaya) lenye maana ya ndugu, na wamekuwa nalo tangu karne ya 17. Mswidi akisema "tjej", msichana, na Mjerumani akisema hana "Bock", hana hamu, wote wanatumia maneno ya Kiromani, lugha ya Waroma. Hilo la Kijerumani linatokana na neno la njaa. Na Waroma wamebaguliwa katika nchi zote hizo. Buenos Aires, Argentina, nayo ilijazwa na wahamiaji wa Kiitalia mwishoni mwa karne ya 19, yakazuka maneno ya lunfardo, misimu ya mji huo, kama "laburo", kazi, kutoka Kiitalia "lavoro". Yalidharauliwa kuwa ya wezi na walevi. Mwaka 1962 yakaundiwa taasisi yake ya kuyachunguza.

Tofauti iliyopo leo ni hii: zamani neno lilikuja na mtu. Ulilisikia kwa jirani, kwa baharia, kwa mwenzako kiwandani. Ukilikosea, alikuwepo wa kukusahihisha, na ukimkosea yeye ulimwona usoni. Leo neno linafika peke yake, limekatwa kwenye video ya sekunde chache. Neno "rizz", mvuto wa kumtongoza mtu, lilivuma kupitia mtangazaji wa mtandaoni Kai Cenat, na mwaka 2023 wachapishaji wa kamusi za Oxford wakalitangaza kuwa neno la mwaka. Kijana analipata neno bila kupata jirani, na hicho ndicho kitu kipya.

Mwanangu anaongea kama mtu wa nchi nyingine. Ameikana asili yake?

Mara nyingi sana, hapana. Msikilize sentensi nzima, usisikilize neno moja.

Kijana anayesema "ameni-ghost", yaani amenikatia mawasiliano ghafla, ametumia kiambishi cha nafsi, cha wakati na cha mtendwa, kila kimoja mahali pake, bila kufikiri. Mzizi ni wa kigeni, mifupa ni ya Kiswahili. Hakufundishwa kufanya hivyo, na hawezi kukosea hata akitaka. Mtoto aliyeikana lugha yake hangeweza kulinyambua neno la kigeni kwa ufundi huo.

Pia jiulize kama neno hilo kweli ni "la wengine" kwake. Watafiti waliochunguza vijana wa Hackney, London, kati ya 2004 na 2007, wakiwemo Jenny Cheshire na Paul Kerswill, walikuta kwamba jambo kubwa halikuwa asili ya wazazi wa kijana bali marafiki zake. Mtoto wa Kiingereza aliyekua na marafiki wenye asili ya Jamaika, Bangladesh na Ghana aliongea kama wao, kwa sababu ndiyo lugha aliyokulia. Kumwambia mtoto huyo kwamba anaigiza ni kumnyima lugha yake ya kwanza.

Kuna wachache wanaojificha kweli. Unawajua kwa aibu: hawaongezi neno la wengine, wanalikimbia la kwao. Wanaona haya bibi akiwasalimia mbele ya wenzao. Hapo tatizo si misimu, na kukataza misimu hakutalitibu. Kaa naye, muulize nani alimcheka.

Kwa nini neno likifika huku linakuwa na maana nyingine?

Kwa sababu limeacha nyumbani kila kilicholizunguka. Chukua "otaku" la Kijapani. Asili yake ni namna ya adabu ya kumwambia mtu "nyumbani kwako". Huko Japani likaja kuwa jina la dharau kwa mtu aliyezama katika vikaragosi hadi akasahau maisha. Nje ya Japani vijana hujiita "otaku" kwa fahari.

Au chukua "oppa" la Kikorea, ambalo mashabiki wa muziki wa huko wamelisambaza. Lilikuwa miongoni mwa maneno 26 ya Kikorea yaliyoingizwa katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford mwaka 2021. Mashabiki wengi hudhani maana yake ni mwanamume mtanashati. Kwa Mkorea ni neno la heshima ya udugu: mwanamke humwita hivyo kaka yake mkubwa. Mvulana husema "hyung". Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunaweza kulihisi kosa hilo upesi kuliko wengi.

Na "wallah". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, maana tuna "wallahi" yetu. Huko Berlin, Stockholm na Oslo vijana wasio Waarabu wala Waislamu hulisema katika kila sentensi ya tatu. Kwao limekuwa sawa na "nakwambia kweli". Kwa mtu mwenye imani bado ni kiapo kwa jina la Mungu. Wote wawili wanatumia neno moja kwenye benchi moja, na mmoja wao anaumia kimyakimya.

Kuna ubaya gani hasa? Maneno hayana mwenyewe.

Kwamba neno haliwezi kufungiwa kabatini, nakubali. Kwamba halina mwenyewe, sikubali, na nitaeleza kwa nini linaniuma.

Mwaka 1999 Thomas Purnell, William Idsardi na John Baugh walichapisha matokeo ya jaribio la simu huko California. Baugh, aliyekua akizisikia lahaja kadhaa na kuziweza zote, alipiga simu kuulizia nyumba za kupanga. Mtu yuleyule, maneno yaleyale, sauti tatu: ya Kiingereza cha Wamarekani Weusi, ya Kiingereza cha Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na ya Kiingereza rasmi. Katika maeneo yenye Wazungu wengi, sauti mbili za kwanza zilipata miadi michache zaidi. Wasikilizaji wengi waliweza kutambua lahaja kwa neno moja tu, "hello".

Mwaka 2013 msichana wa miaka 19, Rachel Jeantel, alitoa ushahidi mahakamani Florida kuhusu kifo cha rafiki yake Trayvon Martin, kijana Mweusi, aliyekuwa akiongea naye kwa simu muda mfupi kabla ya kuuawa. Aliongea kwa lugha yake ya kila siku, Kiingereza cha Wamarekani Weusi. Mmoja wa raia waliokaa kuamua kesi alisema baadaye kwamba hakuelewa vizuri na hakumwona wa kuaminika. Wanaisimu John Rickford na Sharese King waliichambua lugha ile mwaka 2016, wakaonyesha kwamba ilikuwa na sarufi kamili na ya mpangilio. Alichokosa ni masikio ya kumsikiliza.

Sasa weka hayo karibu na kijana wa mbali anayetumia maneno ya lugha hiyohiyo na kuonekana mchangamfu. Neno linampa yeye tabasamu. Mwenye neno linamnyima nyumba, na ushahidi wake unatupwa. Ubaya uko hapo, na kijana si yeye aliyeuanzisha. Lakini ni haki yake kuujua, na ni kosa letu sisi wakubwa kumkemea kuhusu "lugha chafu" huku tukinyamaza kuhusu hilo.

Kuna pia suala la fedha. Mwaka 2014 msichana Mweusi wa Marekani, Kayla Newman, alisema nyusi zake ziko "on fleek", yaani zimependeza barabara, katika video fupi ya mtandao wa Vine. Baada ya miezi michache kampuni kubwa zilikuwa zinaliweka neno lake kwenye matangazo. Yeye hakulipwa kwa matangazo hayo.

Na kuna kupotea kwa maana. "Stay woke" lilikuwa onyo la Weusi kwa Weusi: kaa macho, maisha yako yako hatarini. Mwanamuziki Lead Belly alilisema katika rekodi ya mwaka 1938 alipokuwa akizungumzia vijana tisa Weusi walioshtakiwa kwa uongo huko Alabama mwaka 1931. Leo "woke" ni tusi la kisiasa katika nchi nyingi. Watu waliolihitaji lile onyo wamebaki bila neno lao.

Nitatofautishaje kuazima na kudhihaki?

Sikiliza sauti na uangalie nani anachekwa. Mwanaanthropolojia Jane Hill, katika miaka ya 1990, alichunguza Wamarekani Wazungu wanaochomeka Kihispania cha mzaha, kama "no problemo". Neno hilo hata si Kihispania. Kihispania ni "problema". Utani wenyewe unasimama juu ya picha ya Mmeksiko mvivu au mjinga. Ukiiondoa picha hiyo, hakuna kinachochekesha.

Kipimo kingine kinatoka kwa Roger Hewitt, aliyewachunguza vijana wa kusini mwa London na kuchapisha mwaka 1986. Vijana wa Kizungu waliruhusiwa kutumia maneno ya Kijamaika na rafiki zao Weusi wa karibu. Walipotokea Weusi wasiowajua, waliacha. Hawakuwa wamepewa sheria na mtu. Walijua ruhusa ilitoka kwenye urafiki. Kwa hiyo muulize kijana: neno hili ungelisema mbele ya wenyewe? Akisita, kusita kwake ndilo jibu.

Kiswahili kitaharibika?

"Meza" na "gereza" vilitoka kwa Wareno, "shule" kwa Wajerumani, na nani leo anavihesabu kuwa vya kigeni? Misimu mingi haidumu. Kinachodhoofisha lugha ni kukosa vitabu, mashairi na masomo ndani yake.

Nimkataze?

Nilijaribu nyumbani kwangu, na neno likahamia chumbani na kwenye simu. Baadaye binti yangu alipojibu kila kitu kwa "slay", nilimuuliza bila ukali, "Hilo neno mmelitoa wapi?"

"Kwenye video, mama. Wote wanalisema."

"Wote nao wamelitoa wapi?"

Hakuwa na jibu. Jioni alikuja kukaa kando yangu na simu mkononi, akanisomea habari za zile kumbi za New York, za vijana waliofukuzwa majumbani wakaundiana familia mpya na kuziita nyumba, kila nyumba na mama yake. Tulizungumza mpaka usiku. Bado analisema neno lile, lakini halitumii tena kuwacheka watu.

Na mimi mzazi nikiyatumia?

Mara moja, na uso mkavu, neno litakufa siku hiyohiyo. Lakini usifanye hivyo kwa kukomoa. Kijana anahitaji maneno ambayo si yako.

Mimi ndiye kijana. Nitumie au niache?

Tumia, ukiwa unajua limetoka wapi na linamaanisha nini kwa wenyewe. Usilisindikize na lafudhi isiyo yako, maana hapo watu wanaacha kusikia neno wanaanza kusikia mzaha. Viapo na maneno ya ibada yaache kama huna imani hiyo. Maneno ya matusi ambayo watu walitukanwa nayo, kisha wao wenyewe wakayageuza ya kuitana, hayo si yako hata kama yamo kwenye kila wimbo.

Na mwenye neno akikusahihisha, mshukuru. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akimwita "oppa" mwanamuziki anayempenda, mpaka rafiki yake Mkorea waliyekutana kwenye mchezo wa mtandaoni akamweleza kwamba mvulana hasemi hivyo. Nilidhani angeona haya. Asubuhi iliyofuata alinifungulia ukurasa wa mwisho wa daftari lake, alipokuwa ameandika "hyung" kwa herufi za Kikorea mara nyingi, za mwanzo zimepinda, za chini zimenyooka.